Sauti ya Kuamia

Tunduma,
17 Januari 1999

Mpendwa mjomba Hezron,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima, miguu imejaa tope la Tunduma na masikio yamejaa honi za malori. Natumaini huko Kamsamba hamjambo nyote, wewe, mkaza mjomba mama Rozi, Rozi mwenyewe na ng'ombe wako wote wenye majina. Mama anakusalimu kutoka Hasamba. Kahawa imetoka vizuri, ila anasema mvua imezidi na magugu yanaota nyuma yake kabla hajanyoosha mgongo. Amenituma swali, tena amesema nisilipambe: kwa nini Krismasi hukuja? Kanisa lilikaa likingoja wewe uanzishe nyimbo, na mwishowe akaanzisha mzee Mbonile. Unamjua mzee Mbonile. Akianza, anaanza juu sana, na ubeti wa pili unawakuta watu wote wanakohoa. Mama amekasirika, kwa hiyo ukimjibu, mjibu vizuri.

Sasa jambo lenyewe. Mjomba, mpwa wako anatoa albamu.

Si ya kwaya, wala si ya vijana wa kufokafoka. Ni muziki wa vyuma, ule Wazungu wanaouita metal. Tuko watatu. Mimi naimba. Gitaa anapiga Nesta, yule binti wa Hasamba aliyekuwa akipiga la kwaya. Ngoma anapiga Ashraf, mtoto wa Mzee Abdulrahim mwenye malori, ingawa mzee wake anaamini kwamba kila jioni kijana anakagua matairi. Mazoezi tunafanyia humo humo kwenye yadi ya malori, maana mafundi wanagonga vyuma kutwa na hakuna anayejua kelele ipi ni ya gereji na ipi ni yetu. Kundi linaitwa Kimondo, kwa heshima ya lile jiwe la chuma lililoanguka kwetu Mbozi kutoka mbinguni. Kama kuna watu wenye haki ya kupiga muziki wa vyuma, ni sisi.

Muziki huu tuliupata kwa dereva mmoja wa Afrika Kusini aliyekwama mpakani akisubiri karatasi zake. Alikuwa na kanda moja nyeusi isiyo na picha. Gitaa linavuma kama nyuki waliochokozwa na juu yake mtu anapiga kelele kama anayeunguzwa. Madereva wenzake walimwambia azime. Sisi watatu tulimwomba airudishe mwanzo, na tangu siku hiyo hatujapona.

Watson, Mzambia mwenye duka la kanda huko Kitwe, ametusikia. Anasema tukimpa kanda moja iliyorekodiwa vizuri, atatoa nakala na kuzituma kwa posta kwa watu wa muziki huu. Wametawanyika duniani, hawajuani sura, wanaandikiana na kubadilishana kanda tu. Tumepata chumba Nakonde, ng'ambo ya mpaka, nyuma ya duka la redio, ukutani wamebandika trei za mayai ili mlio usirudi. Tutarekodi Juni. Jina la albamu ni "Mfalme wa Giza".

Tatizo ni koo langu. Nyimbo ni nane. Nikifika ya tatu sauti inapasuka, ya nne inakatika, ya tano nabaki kukohoa, na siku inayofuata siwezi hata kuomba chai. Nesta anasema hatarekodi na mwimbaji wa nyimbo tatu. Basi nikakukumbuka. Nilipokuwa mdogo nilikuja huko likizo nikakuona juu ya dungu, lile jukwaa la miti, unawapigia kelele ndege kweleakwelea wasile mpunga, tangu kunapambazuka hadi jua linazama, msimu mzima, na ukishuka bado unaimba. Watu wa ng'ambo ya mto Momba walikuwa wanakusikia. Ulikuwa unafanyaje?

Jibu mpe Ramadhan wa lori la mpunga. Ananijua.

Mpwa wako, ambaye kesho atakuwa na jina,
Amoni


Kamsamba,
21 Februari 1999

Mpwa wangu Amoni,

Marahaba. Barua yako ilifika imelowa, kwa sababu lori la Ramadhan lilizama kwenye tope na barua ikalala naye huko porini. Kwa hiyo usiseme mjomba amekawia. Sisi ni wazima. Joto ni lile lile, mbu ni wale wale, na mpunga wangu umesimama vizuri kuliko wa jirani zangu wote, jambo ninaloliandika bila kuona haya. Ng'ombe yule Malkia amezaa. Rozi ameshika namba mbili darasani na anamlaumu mwalimu.

Mwambie mama yako barabara ilikuwa mbaya.

Sasa wewe. Mfalme wa Giza. Amoni, wewe uliyekuwa ukienda chooni na kibatari mkononi na mama Rozi nyuma yako, ufalme wa giza umepewa na nani? Tena Ramadhan ameniambia mnajipaka masizi na unga usoni. Masizi sina neno nayo, yapo bure. Lakini unga, kijana, watu wanakula.

Hata hivyo koo si la mzaha, na kwa habari za koo umefika kwa mwenyewe. Unapiga kelele kwa koo kwa sababu una hasira. Mwenye hasira koo lake linafunga, halafu analisukuma kwa nguvu kama mlango uliokwama. Ndege hawajali hasira yako, wao wana njaa. Kelele inaanzia chini ya kitovu, inapanda yenyewe, na kooni inapita tu, haikai. Ukihisi inakukwaruza, ujue umeshakosea tumboni zamani.

Lakini haya ni maneno ya karatasi, na kelele haifundishwi kwa karatasi. Mpunga utaanza kukomaa Aprili, na mwaka huu ndege ni wengi. Njoo uamie shamba langu, uwafukuze ndege wasile mpunga. Kaa juu ya dungu mpaka tuvune, na ukishuka hapo utaimba albamu mbili na kubaki na sauti ya kugombana na mkeo, siku utakapompata.

Usidhani nakuomba msaada. Shamba hili nimeliamia mwenyewe tangu hujazaliwa. Nakupa shule, na shule hii wengine wangeilipia kwa ng'ombe.

Mjomba wako,
Hezron


Tunduma,
14 Machi 1999

Mjomba,

Shikamoo, na pongezi kwa Malkia na ndama wake. Mimi sijambo. Mama alikuja juzi na mahindi mabichi na maneno mabichi. Nilimpa jibu lako la barabara. Akasema, "Barabara mbaya kwa nani? Watu wa Kamsamba wengine si walikuja?" Halafu akasema tangu ukatwe rovu la shingoni mwaka jana hajasikia neno kutoka kinywani mwako, ni barua tu. Nimeahidi kukuandikia hivyo, nimeandika, nimemaliza.

Nakuja. Nitaondoka baada ya Pasaka. Haikuwa rahisi, maana mwimbaji kuondoka wakati watu wanajiandaa kurekodi ni kama bwana harusi kwenda kuvua samaki. Ashraf alicheka hadi akaangusha vijiti vya ngoma. "Mwana, unakwenda kufukuza ndege?" Nesta hakucheka. Aliuliza tu kama mjomba huyo kweli alikuwa anasikika ng'ambo ya mto. Nikamwambia ng'ambo ya mto na kurudi. Akasema basi niende, lakini nisiporudi na sauti ya nyimbo nane atamwimbisha Ashraf. Mjomba, Ashraf akiimba hata madeni yanakimbia. Usiache jambo hilo litokee.

Kuna kitu kingine. Nilimuuliza Ramadhan habari zako. Akasema, "Mzee Hezron siku hizi ananielekeza kwa mkono tu, mpaka nadhani amekuwa trafiki." Nikamuuliza ana maana gani. Akajifanya anakagua maji ya injini, akasema nikuulize mwenyewe.

Nakuuliza.

Mpwa wako,
Amoni


Kamsamba,
28 Machi 1999

Amoni,

Marahaba. Wote wazima.

Ramadhan aendeshe lori.

Ukija, leta betri za redio, chumvi, na kofia yenye ukingo mpana. Unga wa usoni uache huko huko.

Hezron


Tunduma,
30 Mei 1999

Mpendwa mjomba,

Shikamoo. Nilifika salama, juu ya magunia ya mpunga wako, na nilipofika nilinuka mpunga kiasi kwamba kuku wa jirani walinifuata hadi mlangoni. Mwambie mama Rozi samaki wale waliisha siku hiyo hiyo. Mwambie Rozi kofia yake nimeondoka nayo kwa bahati mbaya na sijutii.

Tulikaa pamoja wiki zote zile, na tuliongea kidogo kuliko tulivyokuwa tunaongea kwa barua. Kwa hiyo nakuandikia yale ambayo sikuyasema.

Siku ile niliposhuka kwenye lori nilitegemea kukusikia kabla sijakuona, kama zamani. Ulikuja kimya ukanishika mkono. Ulisema "karibu", na kilichotoka kilikuwa pumzi yenye mikwaruzo, kama jembe linaloburuzwa kwenye changarawe. Nikatazama viatu vyangu. Mama Rozi akaingilia kati, "Daktari alimwambia kabla ya kumkata kwamba rovu limeshika pabaya na sauti inaweza kuguswa. Ikaguswa. Haya, wali unapoa." Na wewe ukanipa debe nilibebe, tukaenda shambani, habari ikaishia hapo. Nilitaka kusema pole. Nilishindwa, kwa sababu ulikuwa unatembea mbele yangu haraka kama mtu anayekimbizwa na hiyo pole. Nasema sasa. Pole, mjomba. Iliniuma sana na bado inaniuma.

Shule yako ni kali. Kila nilipopiga kelele kwa koo ulinichoma tumbo na ile fimbo ya mtama, na mpaka sasa nina alama. Baada ya siku chache nikajiona nimeiva. Ulishanionyesha utaratibu wa bonde lenu. Ndege wakitokea, mwenye shamba la juu anaanza, wa chini yake anasubiri amalize, halafu anapokea, na wa chini yake naye anapokea, hivyo hivyo wanapewana mpaka kundi linavuka mto. Mimi, mfalme wa giza, nikaona kundi likija nikashindwa kusubiri. Nikapiga kelele jirani wa juu hata hajamaliza. Ndege wakageuka, wakamwagikia shamba la yule mama mjane chini yetu. Ulinipeleka kwake, ukanisimamisha mbele yake na mbele ya ile pembe ya shamba waliyoila, ukaniacha hapo bila neno. Niliamia shamba lake mpaka aliponiambia inatosha. Sijawahi kuona aibu ya namna ile, hata siku Mzee Abdulrahim alipotukuta yadini na nyuso nyeupe tukasingizia vumbi la saruji.

Lakini imeingia. Juzi niliimba zote nane mfululizo, halafu nikauliza kama kuna ya tisa. Ashraf alipiga magoti. Nesta, ambaye hajawahi kumsifu mtu tangu abatizwe, alisema, "Haya." Ukimjua Nesta, hiyo ni nishani.

Sasa naomba kitu.

Asubuhi ile niliyoshuka mtoni kuoga, niliacha redio juu ya dungu inarekodi. Nilitaka kusikia kelele zangu zilivyo. Nilipokuwa majini kundi likaja. Nilimsikia jirani wa juu akianza, halafu nikasikia debe lako, na yule mama akapokea. Nilijua umepiga debe tu badala ya kuita, kama siku zote. Jana nimesikiliza kanda. Kabla ya debe, uliamia. Kwa mdomo, kwa sauti hii uliyo nayo sasa. Mtoni haikufika, lakini redio ilikuwa miguuni pako.

Mjomba, nywele zilinisimama. Watu wa muziki huu wanahangaika, wanavuta moshi, wanakunywa vitu vya ajabu, wanakoroma mbele ya vioo, wapate sauti yenye mwamba ndani yake kama hiyo, na hawaipati. Mimi mwenyewe sina. Ninayo pumzi, umenipa wewe, lakini hiyo sina. Naomba iwe ndiyo kitu cha kwanza kwenye albamu. Mabawa ya ndege, jirani akiita, wewe, halafu gitaa.

Sijamsikilizisha mtu yeyote, hata Nesta. Mama sijamwambia chochote. Ukisema hapana, naifuta.

Amoni


Kamsamba,
13 Juni 1999

Mpwa wangu,

Marahaba. Tumemaliza kuvuna, tumemaliza kupura, tumeshukuru. Mama mjane amekusamehe na anauliza kama umeoa. Rozi anadai kofia.

Hapana.

Ningeweza kuishia hapo, lakini umekuwa mkweli kwangu na mimi nitakuwa mkweli kwako. Nilikuwa nikianzisha wimbo, watu wanasimama kabla hawajaambiwa wasimame. Nilikuwa nikimwita mtu ng'ambo ya mto, anaingia kwenye mtumbwi kabla sijamaliza jina lake. Ulikuwa ndio utajiri wangu. Wengine wana ng'ombe wengi, wengine wana watoto wa kiume, mimi nilikuwa na koo. Leo namwita mbwa wangu ananitazama usoni, halafu anatazama nyuma yangu, kama anayemngoja Hezron aje. Daktari simlaumu, alinieleza kila kitu na mimi nikakubali, maana rovu lilikuwa linanikaba usingizini. Lakini kukubali jambo ni siku moja, na kuishi nalo ni siku zote.

Krismasi nilifika, Amoni. Nilipanda gari na wenzangu nikafika mpaka Vwawa, karibu kabisa na Hasamba, nikanywa chai stendi, nikamwagiza mwenye hoteli chapati, akaniambia, "Mzee, sema kwa sauti." Nikarudi Kamsamba na gari lile lile. Ningeingiaje kanisani Hasamba watu wakae wakiningoja nifungue mdomo? Na mama yako. Alipokuwa mtoto hakuwa analala mpaka nimwimbie. Anajua mlio wangu kuliko uso wangu. Naona haya mbele yake kuliko mbele ya watu wote.

Ndiyo maana nakuandikia barua ndefu. Kwenye barua bado ninayo sauti yangu ya zamani, hujaona? Humu natamba, nakutania, nasikika ng'ambo ya mto. Hakuna anayejua.

Sauti hiyo uliyoikamata ni uchi wangu. Nilijisahau, mazoea yalinishinda, ndege walikuja na zamu ilikuwa yangu. Mtu akijisahau nguo ikamwanguka hapigwi picha ikapelekwa posta kwa wageni. Ifute. Na usimtume mtu kunibembeleza, hasa huyo Nesta, maana mtu anayesifu mara moja maishani anaweza kuniyumbisha.

Albamu yako uirekodi na uirekodi vizuri. Uliiva, nilikuona. Hilo nilitaka kukwambia siku unaondoka, na lori la Ramadhan likawa linanguruma, na mimi siku hizi siwezi kushindana na lori.

Mjomba wako,
Hezron


Tunduma,
4 Julai 1999

Mpendwa mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama anachuma kahawa na amewakusanya wajukuu wa mtaa mzima wamsaidie, analipa kwa ubwabwa na vitisho. Mwambie mama mjane bado sijaoa ila nina shughuli nyingi.

Nimeifuta. Nilisubiri fundi wa Nakonde atoke kwenda kunywa chai, nikakaa kwenye mashine mwenyewe, nikafuta pale ulipoanza mpaka pale debe lilipomaliza kulia. Hakuna aliyesikia. Ashraf aliniuliza kuna nini humo, nikamwambia ni mambo ya ukoo, akaheshimu.

Na tumerekodi, mjomba. Chumba kilikuwa na joto hadi trei za mayai zikaanza kubanduka. Ashraf alipiga ngoma kana kwamba baba yake yuko nje anasikiliza, na kumbe alikuwa nje anasikiliza. Alikuwa amevuka mpaka kumfuata mtu wa spea, akaona pikipiki ya kijana wake mlangoni. Tulipotoka akatutazama wote, akamwambia Ashraf, "Kwa hiyo haya ndiyo matairi." Akaondoka zake. Kesho yake akaleta feni. Mzee Abdulrahim hatabiriki.

Mimi niliimba nane zote siku moja. Sikukohoa. Watson alipofika kusikiliza alikaa na mikono kichwani, halafu akasema, "Chawama, ba Amoni. Chawama sana." Kwa Kibemba hiyo ni kusema imekuwa nzuri. Najua ni nzuri. Nasema bila kuona haya, kama wewe na mpunga wako.

Jambo moja tuligombana. Albamu inaanza na mabawa ya ndege. Halafu kwa mbali jirani yako wa juu anaita. Halafu kuna kimya, kirefu kama pumzi moja ya mtu mzima. Halafu naingia mimi, na gitaa la Nesta linaanguka juu yangu. Watson anasema kimya kile kitaonekana ni kosa, wanunuzi watadhani kanda imeharibika. Akataka nikitoe, nianze mara jirani anapomaliza.

Nilikataa. Nilimwambia pale kuna zamu ya mtu. Bonde zima linajua huwezi kupokea kutoka kwa jirani wa juu kabisa ukamruka aliye katikati, ndege watageuka. Nilifundishwa hilo mbele ya pembe ya shamba iliyoliwa, na sitalifanya mara ya pili, hasa kwenye albamu yangu ya kwanza. Watson akamwangalia Nesta ili amsaidie. Nesta akasema, "Kimya kibaki." Basi kimebaki.

Jina nalo limebadilika. Ulishinda. Mfalme wa Giza amevuliwa taji. Albamu inaitwa "Kuamia".

Nakutumia nakala ya kwanza kabisa, hata mama hana. Sikuombi kitu, na sijamtuma mtu. Nilitaka tu usikilize mahali ulipo humo ndani. Watson atarudi katikati ya Agosti kuchukua kanda ya kupeleka Kitwe.

Mpwa wako,
Amoni


Kamsamba,
1 Agosti 1999

Mpwa wangu Amoni,

Marahaba, na tena marahaba. Tu wazima isipokuwa mbwa, ambaye tulipoweka kanda yako alitoka nje akakaa na kuku na hajarudi vizuri mpaka leo. Rozi alijifunika shuka gubigubi, na ilipokwisha akatoa kichwa akasema turudie. Mama Rozi amesema maneno hayasikiki, lakini anamwamini mwimbaji. Mimi nimesikiliza kama fundi. Kwenye wimbo wa sita ulivuta pumzi vibaya mara moja, ukajirekebisha. Nyingine zote ni safi, zinatoka tumboni. Nilikaa na kiburi changu kama mtu aliyekalia kigoda kipya.

Sasa nikueleze kuhusu kimya chako.

Kilipofika, mama Rozi alinitazama. Nilirudisha kanda nyuma, kikafika tena, akanitazama tena. Nikazima redio nikaenda kwa ng'ombe. Nilikasirika na wewe, Amoni. Umetii neno langu, umefuta, umenyamaza, halafu umeniachia mlango wazi katikati ya kanda watu wote wapite wakiulizana mwenye nyumba yuko wapi. Huo ni utii wa aina gani? Nilizunguka na hasira hiyo siku kadhaa, na kila ndege aliyepita juu aliniona mimi ndiye mwenye kosa.

Jumatano nikachukua redio ya Rozi nikaenda shambani. Umeliona likiwa na mpunga. Sasa ni mabua tu na nyufa za udongo, ndege wameshahamia kwa watu wengine, hakuna cha kula wala cha kulinda. Jirani wa juu alikuwa anatengeneza zizi, akanipungia mkono, nadhani alifikiri nimechanganyikiwa. Nilipanda dungu. Nikaweka redio karibu, nikabonyeza, nikasimama.

Nikaamia shamba tupu.

Sikuitafuta sauti ya zamani. Nilivuta kutoka chini ya kitovu kama nilivyokufundisha, nikaiacha ipite kooni kama inavyopita sasa, na mwamba wake wote na changarawe yake yote. Mara moja tu. Sikurudia, maana mwenye zamu harudii. Halafu nikasimama pale nimeshika debe mkononi, sijalipiga.

Na yule mama mjane akapokea.

Alikuwa kwake, anaanika mihogo. Hana mpunga shambani, hakuna ndege, hakuna sababu yoyote. Lakini alisikia zamu imefika kwake, akainua kichwa akapiga kelele ile yake ndefu kuelekea mtoni, kisha akaendelea na mihogo yake. Alinisikia, Amoni. Bila debe. Nilikaa chini juu ya dungu nikalia kama mtoto, na sioni haya kukuandikia, kwa kuwa haya yangu nyingi nimeshaiacha huko huko juu.

Kanda ni hii, amepewa Ramadhan mkononi, na ameapa kwa dini yake kwamba hataisikiliza njiani. Iweke mahali pake. Mwishoni utamsikia yule mama kwa mbali. Usimfute, naye yumo. Kwenye karatasi ya jina usiandike "mjomba wa mwimbaji". Andika Hezron wa Kamsamba, sauti. Hao watu wa posta wajue jina.

Mama yako nimemwandikia mwenyewe, nimemweleza yote. Krismasi nakuja Hasamba na nitakaa benchi la mbele. Mwambieni mzee Mbonile aendelee kuanzisha, ila aanze chini kidogo, tupate nafasi ya kupokea. Kofia ya Rozi ije siku hiyo.

Basi mimi nimeshaita. Pokea.

Hezron